Bunduki si sare ya kukulia

Hotuba kwa wazazi wanaozungumza Kiswahili, Brooklyn Park, Minnesota, mwezi Agosti

Shikamooni wazee wangu. Wazazi wenzangu, habari za jioni. Na ninyi watoto mliokaa mbele, asanteni kwa kutogusa kitu mezani. Bunduki nne mnazoziona hapa ni tupu. Makomeo yake, vile vyuma vinavyofunga risasi ndani ya mtutu, yametolewa, yako kwenye mfuko wangu, na humu ndani hamna risasi hata moja. Nimekagua mimi, akakagua mwenzangu, kisha tukarudia.

Nianze na sare ya shule. Nilipoingia darasa la kwanza, Tabora, mama alinishika mkono tukaenda kwa fundi cherehani pale karibu na stendi. Fundi akanipima kiuno, akanipima mguu, akaandika kwenye kipande cha karatasi ya sukari. Mama akamwambia: "Mwachie nafasi, huyu anakua." Kaptula ikatoka imenifunika magoti. Niliivaa hadi darasa la nne, kila Januari pindo linashushwa kidogo. Mama hakukosea. Nadhani wengi humu mmevalishwa hivyo, na viatu mkanunuliwa namba moja zaidi, vikajazwa pamba mbele. Hiyo ni akili ya mzazi anayehesabu shilingi, na naiheshimu.

Ombi langu jioni hii ni moja. Akili hiyo iacheni nje mnapoingia dukani kumnunulia mtoto bunduki yake ya kwanza ya kuwindia. Bunduki hainunuliwi ya kukulia. Inanunuliwa ya mtoto alivyo leo, kwa mikono aliyonayo leo na shingo aliyonayo leo.

Nililipia somo hili kwa mtoto wangu mwenyewe. Kijana wangu wa kwanza alipotimiza miaka 12, cheti chake cha mafunzo ya usalama alikuwa nacho tayari, na kabatini nilikuwa na .30-06, bunduki ya risasi kubwa ya mtu mzima, niliyoinunua kwa mfanyakazi mwenzangu. Nikajiambia, ya nini kununua ya pili? Huyu atakulia humo humo. Oktoba tukaenda uwanja wa shabaha. Alikuwa mwembamba, hajafika hata kilo arobaini. Kitako kilikuwa kirefu mno kwake, hakikukaa ndani ya bega, kikaegemea juu ya mkono, penye msuli. Ili aone kitu kwenye darubini ilimbidi anyooshe shingo mbele kama kobe. Nilimwona. Nilimwona kabisa, nikasema atazoea.

Akafyatua. Darubini ikamrudia juu ya jicho la kulia, ikamchana nyusi kwa umbo la mwezi mwandamo. Alishonwa nyuzi tatu. Hakulia. Aliniangalia usoni, akaona nilivyofadhaika, akaomba risasi ya pili ili kunifurahisha. Hiyo ya pili aliipiga macho yamefumba.

Novemba tukaenda porini. Akampiga kulungu jike, umbali wa hatua kama sitini, shabaha ambayo mtoto aliyetulia haikosi. Akampiga nyuma sana, tumboni. Tulifuata damu kwenye theluji mpaka giza likaingia, tukarudi na tochi, tukarudi tena alfajiri. Hatukumpata. Mwanangu hakushika bunduki miaka mitatu baada ya hapo. Aliamini kwamba yeye ni mtu asiyejua kulenga na mtu mkatili kwa mnyama. Hakuwa lolote kati ya hayo. Alikuwa mtoto aliyevalishwa kaptula ya baba yake.

Sasa tupime.

Kipimo cha kwanza ni urefu wa kitako, kuanzia kwenye kifyatulio, pale kidole kinapovuta, mpaka mwisho wa kitako panapogusa bega. Bunduki nyingi za watu wazima zina inchi 13 na nusu hadi 14. Zile zilizotengenezwa kwa vijana ziko inchi 12 na kitu, na zile ndogo kabisa za .22, yaani za risasi nyembamba, zinazopakiwa risasi moja moja, hushuka hadi inchi 11 na nusu hivi. Mtaona tofauti ni inchi mbili tu, upana wa vidole vitatu. Vidole hivyo vitatu ndivyo vilivyomchana mwanangu.

Dukani watawaonyesha njia ya haraka: mtoto anakunja mkono, kitako kinawekwa kwenye kiwiko kwa ndani, na kidole cha shahada kinapaswa kufika kwenye kifyatulio. Njia hiyo inasaidia kuanza, lakini usiishie hapo, maana mkono wa mtoto haukuambii habari ya shingo yake wala ya mashavu yake. Njia ninayoiamini ni hii. Mwambie mtoto afumbe macho. Akiwa amefumba, aipandishe bunduki tupu begani na alaze shavu kwenye kitako pale anapojisikia vizuri, kama anayelala kwenye mto. Halafu afumbue. Kama anaona duara lote la darubini bila kusogeza kichwa, bunduki hiyo ni yake. Kama anaona kivuli cheusi pembeni, au anaanza kutafuta kwa kunyoosha shingo, irudishe kwenye rafu, hata iwe nzuri vipi, hata iwe imepunguzwa bei.

Mwangalie na kiuno. Mtoto anayebeba bunduki ndefu au nzito hurudisha mgongo nyuma ili mizani ikae, kama mwanamke mjamzito anayepanda ngazi. Akisimama hivyo, bunduki ikirudi itamsukuma hadi kisigino. Anatakiwa aegemee mbele kidogo. Mimi humwomba ainyanyue, alenge tundu la ufunguo la mlango, ahesabu polepole mpaka kumi na tano. Ncha ya mtutu ikianza kuchora duara alipofika sita, nimeshapata jibu.

Halafu kuna jambo ambalo sisi tuliotoka nchi za joto tunalisahau. Leo ni Agosti, watoto wamevaa fulana. Msimu wa kulungu kwa bunduki hapa Minnesota unafunguliwa Jumamosi iliyo karibu zaidi na tarehe 6 Novemba. Siku hiyo alfajiri mtoto atakuwa amevaa fulana ya ndani, sweta, koti la baridi, na juu yake kizibao cha rangi ya chungwa inayowaka ambacho sheria inakitaka. Unene wote huo unakaa kati ya bega na kitako. Bunduki iliyomtosha sawasawa leo, Novemba itakuwa imerefuka kwa inchi moja. Ndiyo maana niliwaandikia mje na makoti, na nimefurahi kuona mengine yamening'inia kwenye viti, ingawa najua mmeyabeba kwa kunihurumia.

Mtaniuliza: anakua, mwaka kesho je? Swali zuri, na jibu lake ni rahisi kuliko mnavyodhani. Zipo bunduki zinazouzwa na vipande vya kuongezea kitako, unafungua skrubu mbili, unaweka kipande, unafunga. Ukipata ya mtumba yenye kitako cha mbao, fundi wa bunduki anaweza kukikata, akakuhifadhia kile kipande, na mtoto akirefuka akakirudisha kwa skrubu. Hii ya pili kutoka kushoto imefanyiwa hivyo. Ukiitazama vizuri utaona mstari kwenye mbao, pale kipande kilipokatwa na kurudishwa mara mbili. Wametumia watoto wangu wawili wa mwisho. Kwa hiyo akili ya mama yangu ya kushusha pindo bado ina mahali pake. Ila pindo linaanzia kwenye kipimo cha mtoto, haliishii hapo.

Kuhusu kaliba, yaani aina na unene wa risasi, nitawachosha kidogo, kwa sababu hapa ndipo wazazi wengi wema wanapotea. Mtu anaingia dukani, anataka bunduki nyepesi kwa sababu mtoto ni mdogo. Hajakosea. Lakini wepesi una gharama. Risasi ikitoka mbele, bunduki inasukumwa nyuma, na bunduki ikiwa nyepesi inarudi kwa kasi zaidi. Kwa risasi ile ile, ukiipunguza bunduki theluthi moja ya uzito, nguvu inayomfika mtoto begani inaongezeka kwa nusu. Sasa chukua bunduki fupi ya vijana, iwe nyepesi kama mwiko, uipakie risasi kubwa ya baba. Umemtengenezea mtoto mateso, na muuzaji atakwambia ni "saizi ya mtoto". Saizi ya kitako ni ya mtoto. Risasi ni ya mtu mzima.

Ndiyo maana kwa kulungu wa huku, huyu mwenye mkia mweupe tunayemwona akikatiza barabara jioni, mimi nawaelekeza kwenye kaliba ya .243. Ilitoka mwaka 1955, ilitengenezwa kwa kubana shingo ya ganda la kaliba kubwa zaidi, .308, ili lishike risasi nyembamba na nyepesi. Katika bunduki zenye uzito sawa, nguvu yake ya kurudi haifiki nusu ya ile ya .30-06, na kulungu anaanguka vizuri ikiwekwa mahali pake, nyuma ya bega, kwenye mapafu. Mtoto aliyejaza kidogo, wa miaka 13 au 14, anaweza kwenda na kaliba za 7mm-08 au 6.5 Creedmoor. Kwa 7mm-08 zipo hata risasi zilizopunguzwa baruti makusudi kwa wanaoanza. Ulizieni, haziwekwi mbele ya kaunta. Na kama mtawinda kusini mwa jimbo, fungueni kwanza kitabu cha kanuni cha mwaka huo, kwa sababu sehemu za huko zilikuwa za shotigani tu hadi mwisho wa 2025, na kaunti bado inaweza kuamua kubaki hivyo, na shotigani yenye risasi moja nzito inampiga mtoto kuliko .243.

Lakini kabla ya hizo zote kuna .22. Sheria hapa haikubali .22 ya kawaida kwa kulungu, na ni haki, ingewatesa wanyama. Ni bunduki ya sungura na kindi, na ni shule. Haina kishindo cha kutisha, risasi zake ni za bei nafuu, na mtoto anaweza kupiga hamsini kwa asubuhi moja bila bega kumuuma. Kama pesa yako inatosha bunduki moja tu mwaka huu, nunua .22 inayomtosha, na kulungu wasubiri. Wapo wengi. Hawaendi popote.

Tena kinachomtia mtoto woga si bega peke yake, ni masikio. Bunduki ya kulungu inapita desibeli 150, sauti inayoweza kuharibu masikio kwa mlio mmoja. Mimi huwavika watoto kinga mbili uwanjani: vizibo ndani ya sikio, na juu yake zile za kufunika. Miwani ya kukinga macho pia. Nimemwona mtoto aliyekuwa anaruka kila akivuta, akavikwa kinga ya pili, akatulia saa hiyo hiyo.

Na ukitaka kujua kama mtoto wako ameshaingiwa na woga, usimuulize. Atakataa, kama wangu alivyokataa. Uwanjani, mtutu ukielekea kwenye shabaha, mpakilie wewe. Safari hii weka risasi, safari ile weka ganda la mazoezi lisilo na baruti, na usimwambie ni lipi. Akivuta kwenye ganda tupu, tazama ncha ya mtutu. Ikitulia kama kijiti kilichochomekwa ardhini, endeleeni. Ikichovya chini kama jogoo anayedonoa, simamisha, rudini kwenye .22 wiki mbili, na usimkaripie. Mwili wake unasema ukweli ambao mdomo unauficha.

Jicho nalo. Si kila anayeandika kwa mkono wa kulia analenga kwa jicho la kulia. Mwambie mtoto aunganishe viganja viwili vibaki na tundu dogo katikati, akutazame pua kupitia tundu hilo, macho yote wazi. Jicho utakaloliona wewe ndilo linaloongoza. Kama ni la kushoto, fikirini mapema kumfundisha upande wa kushoto na kutafuta bunduki yenye komeo la upande huo. Ukimlazimisha, atapindisha kichwa maisha yake yote.

Sasa sheria, na hapa naomba simu ziwekwe chini.

Duka lenye leseni haliruhusiwi kumuuzia mtu wa chini ya miaka 18 bunduki wala risasi. Ni sheria ya nchi nzima tangu 1968. Kwa hiyo anayenunua ni wewe mzazi, jina lako ndilo linaloandikwa kwenye fomu ya serikali ya kununulia bunduki, namba 4473, na kumpa mwanao kama zawadi kunakubalika. Kununua kwa niaba ya rafiki anayejua kwamba yeye atakataliwa ni jinai, hata kama mmetoka kijiji kimoja. Mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu anaweza kununua. Mwenye viza ya muda, ya masomo au ya kazi, kwa kawaida amekatazwa hata kuishika. Iko misamaha, na leseni halali ya uwindaji ni mmoja wao, lakini msichukue neno langu: kaeni na mwanasheria wa uhamiaji kwanza. Asiye na karatasi asiiguse kabisa, hata ya kuazima, hata ya kupiga nayo picha. Nimeona familia ikivurugika kwa picha.

Mtoto anaweza kuingia mafunzo ya usalama akiwa na miaka 11, na cheti kinaanza kufanya kazi akitimiza 12. Kuanzia miaka 10 anaruhusiwa kuwinda kulungu akiwa na mzazi karibu naye kabisa, umbali wa kunyoosha mkono. Na wewe mzazi uliyezaliwa baada ya Desemba 31, 1979 unahitaji cheti vilevile kabla ya kupata leseni yako. Njooni mkae darasani pamoja. Mtoto anayemwona baba yake au mama yake akifanya mtihani anaelewa kwamba jambo hili ni zito.

Nyumbani, bunduki ikae kwenye kabati la chuma lililofungwa, tupu, na risasi mahali pengine palipofungwa. Katika jimbo hili kuacha bunduki yenye risasi mahali mtoto anaweza kuifikia ni kosa la jinai. Ufunguo usiwe juu ya fremu ya mlango. Watoto wanajua vitu vyote vilivyo juu ya fremu za milango. Tukisema "bunduki ya mtoto" tunamaanisha inayomtosha. Mwenye ufunguo ni mzazi.

Ndugu zangu wa Kenya, najua kwenu uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, na wengi wenu mlikua mkijua bunduki ni ya polisi na ya majambazi tu. Sisi wa Tabora angalau tuliona gobole. Na wapo humu ndugu kutoka Kongo na Burundi ambao bunduki iliwatoa nyumbani usiku. Sikuja kuwashawishi. Mtoto akirudi shuleni akasema rafiki yake amemwalika msituni, na moyo wako ukakataa, kataa, na usimwombe mtu radhi. Unaweza pia kumleta darasani ajue tu namna ya kuondoka mahali penye bunduki iliyoachwa ovyo. Kina mama wawili walifanya hivyo mwaka jana, na watoto wao hawakupiga risasi hata moja, na walimaliza kozi vizuri.

Kwa wale mtakaoendelea, mtoto wenu atakuwa tayari kwa kulungu siku atakapoweza kuweka risasi tano, moja moja, ndani ya sahani ya karatasi ya inchi nane, kwa umbali ule ule atakaowindia, akiwa amekaa na ameegemeza bunduki kwenye fimbo za kuegemea. Akiweza hatua hamsini, awinde hatua hamsini. Asiende themanini kwa sababu mnyama ni mkubwa. Na aweze kusema "hapana, sipigi" bila kukutazama wewe kwanza. Kwa sisi Waislamu, bismillahi inasemwa wakati wa kufyatua, kwa hiyo mtoto lazima awe ametulia kiasi cha kuikumbuka. Mengine ya halali na kuchinja, sheikhe wetu yuko hapa, mwulizeni.

Kijana wangu yule alirudi porini akiwa na miaka 15. Kabla hatujaenda, nilimpima kama fundi wa Tabora alivyonipima, kwa utepe, akiwa amevaa koti. Bunduki yake ni ile ya mwisho kulia. Kovu bado liko juu ya jicho, na leo yeye ndiye atakayewasaidia watoto wenu kulaza shavu, kwa sababu analiona kosa upesi kuliko mimi.

Basi tuanze na wa mstari wa mbele. Vaeni makoti yenu, fungeni zipu mpaka juu. Najua ni joto. Mzazi asimame nyuma ya mtoto wake, mtutu uelekee ukuta ule wa matofali, kidole kikae nje. Wewe binti wa kizibao chekundu, njoo. Fumba macho.